Namna ya Kutafuta Maua ya Mwitu ya Mvua za Kwanza Dodoma Ukiwa na Marafiki

Kila mwaka ifikapo Oktoba mimi hupokea maswali yale yale kutoka kwa watu wanaotaka kuanza matembezi ya kuangalia maua ya mwitu: yanachanua mwezi gani, yako wapi, na kwa nini kundi fulani lilikwenda Jumamosi nzima likarudi bila kuona chochote isipokuwa vumbi na miiba. Wengine wamesoma vitabu vya Ulaya vinavyosifu maua ya majira ya kuchipua, wakauliza majira hayo kwetu ni lini. Dodoma haina majira hayo. Tuna kiangazi kirefu na msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na kumalizika Aprili, na mvua yote ya mwaka hufikia takriban milimita 550 hadi 600 tu. Nchi ikiwa kame kiasi hicho, mimea haiifuati kalenda ya ukutani bali huufuata unyevu. Anayetaka kuyaona maua ya mwanzo, kwa hiyo, inambidi aache kuhesabu miezi na aanze kuhesabu siku tangu mvua iliponyesha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kundi dogo la marafiki wasio na elimu ya mimea, wanaoishi Dodoma mjini au vijiji vya jirani, na wanaoweza kutoka asubuhi moja kila wiki.

Mambo ya kuandaa kabla ya kutoka

Vifaa vyenyewe ni vichache. Mnahitaji simu yenye kamera nzuri kiasi, iliyojazwa chaji usiku. Daftari dogo na kalamu ya risasi, kwa sababu wino huchuruzika karatasi ikilowa. Rula fupi, au sarafu ya shilingi 200 ya kuwekwa kando ya ua ili ukubwa wake ujulikane. Na kioo cha kukuzia, ambacho kinapatikana kwa bei ndogo kwa wauzaji wa vifaa vya maabara za shule. Kila mtu avae viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu ya kitambaa kigumu, maana nyika yetu ni ya migunga na mbigili, na kandambili hazifai hata kidogo. Bebeni maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu, kofia, na kanga moja ya zamani, ambayo kazi yake nitaieleza kwenye hatua ya sita.

Kundi liwe la watu wanne hadi sita. Wakizidi hapo, wa mbele hukanyaga kile ambacho wa nyuma wangekiona, na mazungumzo hugeuka kuwa ya harusi na siasa. Gawaneni kazi kabla ya kuondoka: mmoja apige picha, mmoja aandike, mmoja aangalie muda na mawingu, na waliobaki watafute. Aliye mtulivu kuliko wote mpeni daftari, kwa kuwa picha isiyo na maelezo ya mahali na udongo hupoteza nusu ya thamani yake.

Hatua za kufuata

1. Anzeni kabla ya mvua. Wanaoanza wengi hukosea hapa, kwa kuwa hudhani nyika kavu haina ua. Mwezi Oktoba na Novemba, wakati ardhi imepasuka na majani yamepukutika, baadhi ya miti huwa tayari imechanua kwa kutumia maji yaliyohifadhiwa katika shina au yaliyofikiwa na mizizi mirefu. Mbuyu ndio wa kwanza kuutembelea. Maua yake makubwa meupe huning'inia kwa vikonyo virefu, hufunguka jua linapotua, hutembelewa usiku na popo na nondo wanaofuata mbochi, yaani maji matamu ya ua, na siku inayofuata hunyauka na kuanguka. Chagueni mbuyu mmoja wenye matumba yaliyovimba, fikeni saa kumi na mbili jioni, kaeni kimya mkiliangalia tumba moja tu, na mtaliona likifunguka mbele ya macho yenu. Sijapata kumpeleka mtu pale akarudi bila kuguswa na alichokiona.

 Katika kipindi hicho hicho tafuteni Cassia abbreviata, mti mdogo unaojifunika maua ya manjano kabla ya majani kukamilika, na kwenye miteremko ya mawe na sehemu kame za kuelekea Mtera tafuteni waridi la jangwani, yaani Adenium obesum, lenye shina nene lililovimba kama chupa na maua ya waridi yasiyo na jani hata moja. Utomvu wake ni sumu kali. Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi huutumia kutengenezea sumu ya mishale. Angalieni bila kuvunja tawi.

2. Fuatilieni mvua ya mahali, msiridhike na mvua ya mkoa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za Msimu, zile za Novemba hadi Aprili, kabla msimu haujaanza, na taarifa hiyo itawasaidia kujua kama mvua zinatarajiwa kuwahi au kuchelewa. Lakini mvua za mwanzo za Dodoma huanguka kwa vipande: Msalato inaweza kulowa mchana kutwa wakati Ihumwa vumbi bado linatimka. Kwa sababu hiyo kila mmoja wenu awe na mtu wa kumpigia simu katika kijiji kimoja, iwe shangazi, rafiki wa shule au dereva wa bodaboda, na swali la kumuuliza liwe hili: ukichimba kwa kijiti, unyevu umefika kina gani? Mvua iliyolowesha shubiri moja kwenda chini ndiyo inayohesabika. Manyunyu yaliyolaza vumbi tu hayaamshi kitu.

3. Hesabuni siku kuanzia mvua hiyo. Kwa uzoefu wangu, kati ya siku ya tano na ya kumi ndipo mimea yenye matunguu, yaani vinundu vya chini ya ardhi kama kitunguu, huchanua, kwa kuwa chakula chake kimekaa chini ya ardhi kikisubiri maji tu. Jabalini mambo huenda haraka zaidi. Mimea inayoota kutoka kwenye mbegu, kama mgagani na jamii za mlenda, huhitaji mwezi mmoja au zaidi, hivyo anayeitafuta wiki ya kwanza anajichosha bure. Andikeni tarehe ya mvua kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na mpange matembezi matatu: la kwanza katika siku hizo tano hadi kumi, la pili wiki ya tatu, na la tatu baada ya wiki ya tano. Kundi linalokwenda mara moja huona sura moja ya nyika na kudhani limeiona yote.

4. Chagueni eneo dogo lenye udongo wa aina mbili au tatu. Kilometa mbili zinatosha. Udongo mwekundu wa kichanga una maua yake, udongo mweusi wa mbuga una yake, na majabali ya matale (graniti), ambayo Dodoma imejaliwa kuwa nayo kila upande, yana mengine kabisa. Pindo za vilima vinavyouzunguka mji, kando za bwawa la Hombolo, na barabara za vumbi za vijijini zote zinafaa kwa kuanzia. Wenye usafiri na siku nzima wanaweza kwenda Kondoa, ambako michoro ya miambani ya Kolo iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Vilima vya wilaya ile vilikuwa vimemomonyoka vibaya hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulipoanza mwaka 1973, na mifugo ikaondolewa mwaka 1979 katika eneo lililoharibika zaidi. Kutembea leo kwenye vichaka vilivyorudi pale kunafundisha mengi kuhusu kile ambacho ardhi hufanya ikipumzishwa.

 Kabla ya kuingia kijijini, piteni kwa mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji mjitambulishe. Salimuni kwa Kigogo, "Mbukwa", na msubiri kujibiwa kabla ya kueleza shida yenu. Ikiwa eneo ni msitu wa hifadhi, ombeni ruhusa kwa ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu. Na hapa kuna onyo ambalo watu wa mjini huhitaji kuambiwa mara mbili: mwezi Desemba shamba lililokwisha kupandwa mtama, uwele au alizeti linafanana kabisa na kiwanja kitupu. Msikate katikati ya ardhi iliyolimwa, hata kama hamwoni chochote kilichoota. Tembeeni kwenye mipaka, ambako kwa bahati nzuri ndiko maua mengi yalikojificha jembe lisiyafikie.

5. Tokeni mapema. Muda bora ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne asubuhi. Commelina, ule mmea mlaini unaotambaa wenye ua la buluu, hufunguka asubuhi na kujikunja kabla ya mchana kuiva. Jamii nyingi za Ipomoea, ndugu wa viazi vitamu, nazo hufanya vivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilikaribisha wenzangu wanne waje tuangalie Commelina zilizokuwa zimetanda kando ya korongo, tukachelewa kwa sababu ya chai na maandazi, na tulipofika saa sita hapakuwa na ua hata moja lililofunguka. Wawili kati yao hawakurudi tena, na ninajutia jambo hilo mpaka sasa, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Chai nyweni mkiisha kurudi.

6. Mkiliona ua, simameni na mfuate utaratibu. Mwenye kamera asikimbilie. Kwanza wote watazame chini wasikanyage mengine, kwa sababu ua moja la tunguu aghalabu lina wenzake kumi karibu. Kisha zipigwe picha tano: mmea mzima pamoja na ardhi uliposimama, ua kwa mbele, ua kwa ubavu, jani upande wa juu na upande wa chini, na sarafu ikiwa kando ya ua. Jua la Dodoma ni kali, na ua jeupe likipigwa picha juani hutoka kama doa lisilo na umbo. Ndiyo maana mmebeba kanga. Wawili waishike juu ya mmea ili itoe kivuli, nanyi mtashangaa jinsi mistari na rangi zinavyojitokeza.

 Mwandishi wenu naye aandike tarehe, saa, jina la mahali, aina ya udongo, urefu wa mmea, kama majani yametoka au bado, idadi ya petali, harufu, na mdudu aliyekutwa juu yake. Harufu ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa kamera haiwezi kuihifadhi.

7. Litambueni ua kwa umbo kabla ya rangi. Rangi hudanganya, kwani ua moja linaweza kuwa jeupe asubuhi na la waridi jioni. Anzeni kwa kuhesabu. Vipande sita vinavyofanana, juu ya kikonyo kisicho na matawi, mara nyingi humaanisha mmea wa tunguu. Petali mbili kubwa za buluu na ya tatu ndogo chini yake ni alama ya Commelina nyingi za kwetu. Tarumbeta moja isiyogawanyika ni jamii ya Ipomoea. Kifundo cha nyuzi tupu, kisicho na petali za kuonekana, ni jamii ya migunga. Mkiweza kutofautisha haya manne, mtakuwa mmekwisha kuwapita wengi.

8. Waulizeni wenyeji majina. Mpite kwa bibi anayechuma mboga kando ya njia, mmwamkie, mwombeni aone picha zenu bila kumharakisha. Mara nyingi mtapata jina la Kigogo, matumizi, na mwezi wa kuchanua, mambo ambayo simu haina. Liandikeni jina kama alivyolitamka na mwombe alirudie. Programu za simu kama iNaturalist na PlantNet zinafaa kwa kupata jina la kisayansi, nanyi mnaweza kuzipakia picha mtakaporudi nyumbani kwenye mtandao. Lakini zimefunzwa zaidi kwa mimea ya Ulaya na Marekani, kwa hiyo jibu lake la kwanza lichukuliwe kuwa dokezo la kuchunguzwa. Jina lisilothibitika liandikwe pamoja na alama ya kuuliza.

Maua ya kuanza nayo

Sitataja mengi, kwa kuwa orodha ndefu humvunja moyo anayeanza.

Scadoxus multiflorus ndilo ninalompeleka kila mgeni kuliona. Ni mpira mwekundu, wakati mwingine mkubwa kama chungwa kubwa au zaidi, uliofanyizwa na maua madogo mengi yaliyochomoza kutoka kwenye kikonyo kimoja, na mara nyingi hutangulia majani yake. Litafuteni chini ya vichaka na kwenye kivuli cha vichuguu, mvua za kwanza zikiisha kulowesha ardhi.

Crinum nalo ni la tunguu, lenye maua makubwa meupe yaliyochorwa mstari wa waridi katikati ya kila petali. Hutoa harufu nzuri kuanzia jioni, kwa ajili ya nondo, hivyo asubuhi na mapema bado mtaikuta imebaki.

Juu ya majabali tafuteni Xerophyta, mmea ambao wakati wa kiangazi unaonekana umekufa kabisa, shina jeusi lenye nyuzi na majani yaliyokauka. Mvua ikipiga, majani yale yale yaliyokauka hunyonya maji na kurudia ukijani kwa siku chache, na maua meupe au ya zambarau hafifu hufuata. Pigeni picha mmea mmoja mwezi Oktoba na uo huo baada ya mvua. Zile picha mbili mkiziweka pamoja, hamtahitaji hoja nyingine ya kumshawishi rafiki anayesitasita.

Mkulagembe, kichaka chenye miiba ambacho wakulima hawakipendi, una ua la rangi mbili linaloning'inia kama taa ndogo: nusu ya juu ni ya waridi na ncha ni ya manjano. Wengi wamepita kando yake maisha yao yote bila kulitazama.

Baadaye msimuni, kwenye udongo mweusi wa mbuga, huja Cycnium tubulosum, ua jeupe au la waridi lililo kama karatasi laini iliyoangushwa majanini, ambalo mizizi yake hunyonya sehemu ya chakula kutoka kwenye mizizi ya nyasi. Na msiudharau mlenda wa porini. Ceratotheca sesamoides, ambao majani yake yanaliwa na ugali katika nyumba nyingi za hapa, una ua la waridi lenye umbo la kengele ndefu na michirizi ndani ya koo, zuri kuliko mengi yanayouzwa vitaluni.

Gloriosa superba, ambalo baadhi ya watu hulijua kwa jina la mkalamu, mtalitambua kwa petali sita nyekundu zenye kingo za manjano zilizopindia nyuma kama miali ya moto, na kwa ncha za majani zinazojisokota kushikilia vichaka. Mmea mzima una sumu, tunguu lake likiwa baya zaidi.

Tahadhari ambazo hazina mjadala

Msichume na msichimbe. Tunguu la Crinum au Scadoxus lililong'olewa na kupandwa kwenye ndoo barazani mara nyingi huoza, na mahali lilipotoka hubaki pengo. Ninaliandika hili kwa uchungu, kwa sababu kuna pindo la kilima ambalo nililionyesha kwa watu wengi mno, na msimu uliofuata tulikuta mashimo. Tangu hapo sitangazi mahali halisi pa mimea ya matunguu, nanyi mnapopakia picha chagueni kuficha eneo. iNaturalist inaruhusu kufanya hivyo.

Msionje chochote, na msijipanguse macho baada ya kugusa mmea wenye utomvu mweupe. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Suuzeni kwa maji mengi papo hapo na kwenda zahanati bila kuchelewa. Nyoka aitwaye moma hulala kimya kwenye majani makavu na hakimbii asikiapo hatua, kwa hiyo tangulizeni fimbo kabla ya kuingiza mkono kichakani, na msikalie jiwe kabla ya kulichungulia chini. Mkisikia mvumo wa nyuki, geukeni mrudi mlikotoka.

Makorongo ya mchanga yanastahili heshima ya pekee. Mvua ikinyesha vilimani, maji yanaweza kufika penye korongo kavu huku juu yenu jua likiwaka. Msiweke mikoba wala kupumzika ndani ya korongo, na radi ikianza, shukeni kutoka jabalini na mjiepushe na miti iliyosimama peke yake.

Mambo yakienda vibaya

Mmefika siku ya saba na hamwoni ua. Chimbeni kidogo kwa kijiti. Ikiwa chini ni kukavu, mvua haikutosha, na hesabu yenu inaanza upya mvua nyingine itakaponyesha. Ikiwa kuna unyevu lakini hakuna ua, yawezekana mpo mahali panapolishwa mifugo sana. Hamieni penye vichaka vya miiba, kwa kuwa miiba huwazuia mbuzi.

Mmekuta majani mazuri bila maua. Mmechelewa kwa mmea wa tunguu, au mmewahi kwa mmea wa mbegu. Angalieni kama kuna kikonyo kilichonyauka. Kikiwapo, andikeni tarehe na mrudi mwakani wiki moja mapema kwa kuhesabu tangu mvua, si kwa tarehe ile ile.

Picha zote zimetoka na ukungu. Upepo wa asubuhi hutikisa vikonyo virefu. Mmoja wenu akinge upepo kwa mwili wake, mwingine ashike kikonyo chini kabisa kwa vidole viwili, na mpiga picha akae chini, viwiko vikiwa juu ya magoti.

Simu inawapa majina matatu tofauti kwa ua moja. Tumieni picha ya jani na ya ubavu badala ya ile ya mbele. Likiendelea kukataa, bakini na jina la jamii tu. Kuandika Crinum bila jina la pili ni sahihi kabisa. Kwa mmea unaowasumbua misimu miwili mfululizo, kuna hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa mjini Arusha, na picha zenye maelezo kamili ya udongo, tarehe na mahali ndizo zitakazompa mtaalamu pa kuanzia.

Rafiki mmoja amechoka saa tatu asubuhi na anataka kurudi. Mpeni kioo cha kukuzia, mwonyesheni ndani ya ua la mbigili lililo karibu na mguu wake, na kaeni naye hapo hapo dakika kumi. Akiendelea kutaka kurudi, rudini wote pamoja, kwani hakuna mtu anayeachwa nyikani peke yake.